Mazulia ya Misikiti Yetu: Harufu ya Dawa Siyo Tahara



Lipo jambo linalozungumzwa pembeni baada ya swala katika misikiti mingi ya mkoa wetu wa Singida, kuanzia mjini hadi Manyoni, Kiomboi na Ikungi, lakini halipandi mimbarini wala haliingii katika vikao vya kamati. Nalo ni mazulia yanayochafuliwa na wanyama. Paka huingia usiku kwa dirisha lililovunjika kioo akakojoa konani. Kuku wa jirani hupita mlangoni mchana. Mbuzi hukimbilia barazani mvua inaponyesha, na popo waliofanya makao darini huangusha vinyesi vyao juu ya safu ya kwanza. Muadhini anapofungua mlango kabla ya Alfajiri hupokewa na harufu, na hapo hapo, akiwa peke yake na tochi mkononi, hutakiwa aamue kama safu ile isaliwe au iachwe.

Mara nyingi uamuzi hupatikana dukani. Hutumwa kijana akalete dawa, naye huleta ile yenye harufu kali kuliko zote. Ikishamwagwa, na macho ya waumini yakaanza kutoka machozi, watu huridhika kwamba msikiti umesafika. Sisi tunasema kuwa hapo yamechanganywa mambo matatu: kuondoka kwa najisi, kuondoka kwa harufu, na kufa kwa vijidudu. Kila moja lina njia yake. Dawa inayofaa kwa moja yaweza isifae kabisa kwa jingine, na juu ya zulia lililogundishwa sakafuni yaweza isifae kwa lolote katika hayo matatu.

Tuanze na najisi, kwa kuwa ndiyo inayogusa swala yenyewe. Sote twaijua habari ya bedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.) mjini Madina, iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Masahaba walimwendea kwa ghadhabu, Mtume (s.a.w.) akawazuia, akamwacha amalize haja yake, kisha akaamrisha ndoo ya maji imwagwe mahali pale. Habari hii husimuliwa ili kufundisha upole, na kwa hakika inaufundisha. Lakini ndani yake limo jambo la pili ambalo mafundi na kamati zetu hawalitazami: msikiti ule sakafu yake ilikuwa ni ardhi. Maji yalipomwagwa yalipata pa kwenda. Yalishuka, na mkojo ukashuka pamoja nayo.

Sasa tulitazame zulia letu. Limetandazwa kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, limegundishwa kwa gundi, na chini yake huenda pamewekwa sponji ili magoti yasiumie. Ukimwaga ndoo ya maji hapo, maji yataenda wapi? Yatauchukua mkojo uliokuwa mahali pa kiganja kimoja na kuueneza mahali pa watu watatu, kisha yatatua katika sponji na kubaki humo kwa siku kadhaa. Saruji nayo si kioo, bali hunywa. Ndiyo maana msikiti mwingine hubadilisha zulia zima kwa fedha za waumini, na baada ya mwezi mmoja harufu ile ile hurejea, kwani haikuwa imebaki kwenye zulia bali sakafuni.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi (r.a.), ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tumelelewa nayo, najisi haiondolewi ila kwa maji. Hivyo ndivyo asemavyo Imamu Malik, na ndiyo kauli mashuhuri ya Imamu Ahmad. Imamu Abu Hanifa aliruhusu kila kimiminika kilicho tahiri chenye kuondoa uchafu, kama vile siki na maji ya waridi, na Ibn Taymiyya naye akaona kuwa najisi ikishaondoka hukumu yake imeondoka. Hatukusudii kufungua mlango wa mabishano. Tunalotaka lionekane ni kwamba maimamu wote hawa wanazungumzia kuondoa. Hapana hata mmoja aliyesema kufunika. Unga wenye manukato, ubani, udi na dawa ya kupuliza havijaondoa kitu, hata msikiti ukinukia kama duka la attari. Na mwenye kushika kauli ya Kishafi ajue kwamba dawa yoyote atakayoitumia, iwe ya shilingi mia tano au ya elfu hamsini, ni msaidizi tu. Baada yake ni lazima maji safi yapite mahali pale, na yatolewe.

Ipo rehema katika mlango huu, na wahudumu wengi hawaijui. Wanavyuoni wa Kishafi wameeleza kwamba pakishaoshwa kwa juhudi, ikabaki rangi peke yake au harufu peke yake, na ikawa taabu kuiondoa, hiyo husamehewa. Kwa hiyo dawa kali hainunuliwi ili kuisahihisha swala. Swala imeshasahihi kwa maji. Dawa hununuliwa kwa ajili ya pua na afya za watu, na hilo pia si dogo katika dini ambayo mlaji wa kitunguu saumu kibichi ameambiwa ajitenge na msikiti mpaka harufu imtoke.

Isitoshe, si kila alama ya mnyama ni najisi. Paka mwenyewe si najisi. Abu Qatada (r.a.) alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu akanywa, na akaeleza kuwa ameyapokea hayo kwa Mtume (s.a.w.). Manyoya yaliyoanguka safuni ni uchafu wa kufagiwa, si sababu ya kuoga. Mkojo wake na kinyesi chake ndivyo vyenye hukumu. Kuhusu mbuzi na njiwa wamehitilafiana: Imamu Malik na Imamu Ahmad wameona kuwa mkojo na kinyesi cha mnyama anayeliwa ni tahiri, Imamu Shafi akaona ni najisi, ingawa wafuasi wake wamesamehe kinyesi cha ndege msikitini pale ambapo kujikinga nacho ni taabu.

Sasa tuje kwenye dawa. Kosa kubwa ni kudhani kwamba uchafu wote ni mmoja. Mkojo wa paka si kama wa mbuzi. Paka asili yake ni mnyama wa nchi kavu, hubana maji mwilini, na mkojo wake hutoka ukiwa mzito. Ndani yake imo yurea, ambayo bakteria huivunja ikawa amonia, ile harufu inayochoma pua. Imo pia felinini, ambayo hupatikana kwa wingi zaidi kwa paka dume asiyehasiwa, nayo huvunjika polepole na kutoa harufu ya namna ya kiberiti. Kwa hiyo zulia lililoonekana limekauka Jumatatu laweza kunuka zaidi Ijumaa, na mvua za kwanza zinapoleta unyevu, kona iliyosahauliwa tangu Juni huanza kuzungumza tena. Kinyesi cha kuku, njiwa na ndege wengine kina sehemu nyeupe, na weupe huo ni asidi ya yuriki, ambayo huyeyuka kwa shida sana katika maji. Kwanza kilainishwe, kisha kikwanguliwe kwa kijiko. Anayekisugua kikiwa kibichi hukisokomeza ndani ya nyuzi. Mavi ya mbuzi ni mepesi kuliko yote: yaokotwe yakiwa makavu, wala yasirushiwe maji kabla ya kuokotwa.

Dawa inayokimbiliwa mno ni ile ya kung'arishia nguo nyeupe, yenye klorini, ambayo watu huiita JIK hata ikiwa imetengenezwa na kiwanda kingine. Ni dawa nzuri kwa choo, kwa ndoo na kwa sakafu tupu iliyokwisha kuoshwa. Juu ya mkojo wa paka ni hatari. Klorini hiyo inapokutana na amonia ya mkojo hutoa mvuke uitwao kloramini, unaochoma macho, koo na mapafu. Machozi yale ambayo watu huyachukua kuwa ni dalili ya usafi ni dalili ya sumu. Mwenye pumu akisujudu hapo, pua yake iko kwenye chanzo chenyewe. Na ikiwa mhudumu, kwa kutaka kuongeza nguvu, atachanganya dawa hiyo na siki au na dawa ya choo yenye asidi, itatoka gesi ya klorini yenyewe, ambayo Wajerumani waliifungulia majeshi ya adui huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Hatusemi haya ili kuwatisha wazee wetu. Mhudumu hufanya kazi hii madirisha yakiwa yamefungwa kwa sababu ya vumbi, akiwa amepiga magoti, na hana hata glavu.

Faida inayotarajiwa nayo haipatikani. Klorini humalizwa nguvu na uchafu wenyewe, hivyo kuimwaga juu ya kinyesi ni kuitupa. Mayai ya vimelea vya toksoplazima yaliyomo katika kinyesi cha paka, ambavyo ni hatari kwa mimba, hustahimili dawa hiyo. Mama mjamzito katika sehemu ya wanawake (ambayo kwa desturi ndiyo iliyo nyuma, karibu na mlango na karibu na paka) hakingwi na harufu ya JIK. Hukingwa na kinyesi kuondolewa mapema, siku ile ile, kwa mkono wenye glavu, kwa kuwa mayai hayo huhitaji walau siku moja nje ya mwili wa paka kabla hayajaweza kuambukiza. Tena klorini huyeyusha sufi na kufuta rangi. Tumeona safu zenye mabaka meupe mithili ya ramani, na aliyepata hasara ni yule aliyelitoa zulia lile wakfu kwa ajili ya wazazi wake.

Dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini nazo zina dosari yake. Nyingi zina viambato vya jamii ya fenoli, na ini la paka ni dhaifu katika kuvivunja. Paka akizikanyaga kisha akalamba nyayo zake, huweza kuugua na kufa. Mafuta ya taa, ambayo baadhi ya watu huyatumia kufukuza wanyama, hulegeza gundi na mpira wa mgongo wa zulia, na huacha moto unaosubiri kiberiti. Kuna pia dawa za kupimiwa, zinazouzwa katika chupa za soda bila jina wala maelezo. Tangu mwaka 2003 nchi yetu ina Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani, na kisichokuwa na lebo hakifai kuingia katika stoo ya msikiti. Watoto wa madrasa wana kiu, na chupa ya soda kwao ni soda.

Basi kipi kifae? Kwanza lijulikane zulia lenyewe. Ung'olewe uzi mmoja pembeni, upelekwe nje, uchomwe. Ukinuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika, hiyo ni sufi. Ukiyeyuka na kuganda kama tone gumu, ni plastiki, na mazulia mengi ya bei ya kati yanayoletwa kutoka nje ni ya plastiki iitwayo polipropilini. Sufi haitaki klorini, haitaki magadi, haitaki maji ya moto, wala haitaki sabuni yenye vimeng'enya vinavyokula protini, kwa sababu yenyewe ni protini. Yaitosha sabuni laini, siki iliyozimuliwa na maji baridi. Polipropilini ni mvumilivu zaidi, lakini mgongo wake na gundi yake havina uvumilivu huo.

Kwa mkojo wa paka uliokwisha kukaa, dawa iliyo bora ni ile yenye vimeng'enya, ambayo huvunja uchafu vipande vipande. Huuzwa zaidi katika miji mikubwa na bei yake si ndogo, ingawa baadhi ya sabuni za unga za kufulia nazo huwa na vimeng'enya, na lebo husema. Wapo waliotuuliza kama vitu hivyo havikutokana na nguruwe. Swali ni la haki. Mkemia wa Kijerumani Otto Röhm alipopata hataza ya sabuni ya namna hiyo mwaka 1913 alitumia kongosho la wanyama. Vimeng'enya vya sabuni za leo hukuzwa viwandani kutokana na bakteria na kuvu. Dawa hii hutaka subira: mahali paloweshwe mpaka ndani, pafunikwe kwa plastiki, paachwe kwa saa kadhaa. Ukiimwagia maji yanayochemka au klorini umeiua, na fedha yako umeipoteza.

Asiyeipata asihuzunike. Vipo vitu vitatu ambavyo havikosekani Singida mjini, na hata Kiomboi au Itigi hupatikana kwa kuuliza: siki nyeupe, bikaboneti ya soda inayotiwa katika maandazi, na haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 inayouzwa katika maduka ya dawa kwa ajili ya vidonda. Mkojo mbichi ufyonzwe kwanza kwa matambara makavu, kwa kukandamiza kwa kisigino, bila kusugua. Yafuate maji baridi, yafyonzwe tena. Kisha siki iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa, ikae robo saa ili iitulize amonia, nayo ifyonzwe. Mahali pakikaribia kukauka panyunyizwe bikaboneti, ilale usiku kucha, ifagiwe asubuhi. Tafadhalini msichanganye siki na bikaboneti katika chombo kimoja, kama wengi wanavyofundishana. Povu lile ni tamasha tu: kimoja kimemfuta mwenzake, na mkononi umebaki na maji ya chumvi. Peroksaidi iwekwe akiba kwa kona sugu za zulia la plastiki. Kwanza ijaribiwe mahali pasipoonekana, kwani huweza kupausha rangi. Isikutane na siki, na iliyobaki baada ya kuchanganywa na sabuni isifungiwe chupani, kwa sababu hutoa hewa na chupa hupasuka. Mwenye wasiwasi na dawa zenye spiriti aziache. Siki ipo.

Mwisho wa yote hayo ni maji safi, yamwagwe juu ya mahali na kutolewa, kwa mashine ya kufyonza maji ikiwa ipo, na kama haipo kwa mataulo makavu na uzito wa vijana wawili. Hapa ndipo mkoa wetu una mtihani wake. Visima vingi vya Singida maji yake yana chumvi. Katika maji magumu sabuni ya mche haitoi povu, bali huganda kuwa utando mweupe unaobaki katika nyuzi, na utando huo hushika vumbi, na vumbi kwetu si haba. Zulia lililooshwa kwa sabuni ya mche na maji ya kisima cha chumvi huchafuka upesi kuliko lisiloguswa. Sabuni ya unga au ya maji haidhuriki sana na ugumu huo, lakini nayo itiwe kidogo, kijiko na si kikombe, kwani isiyosuuzwa hugeuka gundi ya vumbi.

Yafaa zaidi maji ya mvua, nasi tunayaacha yapite. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Msikiti wenye paa la mita za mraba 150, hata tukikadiria mvua ya milimita 600 tu kwa mwaka, unapokea lita 90,000, na hata robo yake ikipotea zimebaki nyingi. Maji hayo hayana chumvi, hutoa povu, na kwa kusuuzia zulia hayana mfano, mradi ya mvua ya kwanza yaachwe yaoshe vumbi na vinyesi vya ndege vilivyo juu ya paa. Tunawauliza wafadhili wetu na kamati zinazowapokea: kwa nini mazulia huletwa kila mara na tangi haliletwi? Zulia hupigwa picha siku ya kukabidhiwa, tangi halina sura ya kupigwa picha. Lakini zulia pasipo maji ni mzigo uliokabidhiwa kwa mzee mmoja anayelipwa posho ya kununulia unga.

Siku hizi zimeingia pia nyasi bandia. Wengi tunazijua kwa viwanja vya mpira, kama Kaitaba mjini Bukoba na Nyamagana mjini Mwanza, lakini aina nyepesi, zinazouzwa kwa mita, sasa hutandikwa katika baraza na nyua. Wapo wanaozicheka. Sisi hatuzicheki. Nyasi hizi zina matundu mgongoni, na zikitandikwa juu ya sakafu yenye mteremko, bila gundi, ndoo ya maji ikimwagwa hupita na kuondoka, na hapo zimekaribia ile ardhi ya Madina kuliko zulia la thamani lililogundishwa. Zikitandikwa juu ya saruji bapa, mkojo hutuama chini yake, na jua la Adhuhuri linapozichemsha (kwani hupata joto zaidi ya nyasi za Mungu) harufu humpokea mtu njiani. Za aina nene hutiwa mchanga katikati ya nyuzi, na mchanga huo hunywa mkojo, hivyo kusuuza juu juu hakutoshi. Ziinuliwe pembe, zimwagiwe maji mengi, zipigwe brashi ya plastiki na siki iliyozimuliwa au dawa ya vimeng'enya, zisuuzwe tena. Kwa zilizotiwa mchanga, madini yaitwayo zeolaiti yakichanganywa humo hunasa amonia. Mafuta ya taa, petroli na brashi ya waya visizisogelee.

Kuhusu popo, kinyesi chao kisifagiwe kikavu. Katika vinyesi vya popo na ndege vilivyorundikana huweza kuota kuvu ambayo vumbi lake likivutwa hudhuru mapafu. Kinyunyiziwe maji kidogo, kikusanywe na mtu aliyefunga pua na mdomo kwa barakoa, na dari lizibwe jioni wakishatoka, si wakati wana watoto. Kama dari haliwezi kuzibwa mwaka huu, shuka la plastiki chini ya tundu na juu ya zulia ni bora kuliko dawa zote tulizozitaja.

Na paka wasiuliwe. Tumesikia habari za chambo chenye dawa ya panya kutegwa nyuma ya msikiti. Sisi ni umma uliofundishwa kwamba mwanamke aliingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula, na katika Masahaba wetu yumo aliyeitwa kwa jina la kipaka chake. Wavu wa dirishani ni bei ya chupa chache za dawa. Tena usitumie dawa inayonuka amonia, kwa kuwa paka huidhania ni mkojo wa mwenzake akarudi kuweka alama yake.

Zulia linalofuata, ndugu zetu, lisigundishwe. Lije kwa vipande, safu kwa safu, kiasi cha kuweza kuviringishwa na vijana wanne na kutolewa nje. Kinunuliwe kipande kimoja cha akiba, ili safu iliyochafuka Alfajiri ibadilishwe na swala iendelee. Mikeka ya bibi zetu ilikuwa na fadhila hiyo, na hakuna aliyewahi kuhitaji kemikali ili kuitundika kwenye kamba. Katika miaka hii Ramadhani inatuangukia ndani ya mvua, wakati zulia lililoloweshwa huvunda kabla ya kukauka. Kwa hiyo wanaongoja Shaabani ndipo waoshe wamechelewa. Yatolewe Oktoba, mvua hazijaanza na upepo wetu ungali unavuma, na sakafu iliyo chini yake ioshwe kwanza, iachwe wazi siku mbili, ndipo yarudishwe.